"Shukuru uko hai" haiondoi maumivu: tuongee kuhusu ganzi na maumivu baada ya upasuaji wa titi

SEHEMU YA 1: KWA NINI NAANDIKA HII

Nyie shemeji zangu mnaosomaga kimyakimya bila kuacha neno, leo naomba msipite. Hii inawahusu kuliko mnavyodhani.

Mada ni ndefu, nimeigawa sehemu sita. Jimiminie chai, soma taratibu. Mtoto akilia nenda kambembeleze kwanza, posti haitakimbia.

Kila Oktoba tunavaa pinki, tunapiga picha, tunafundishana kujipapasa matiti. Ni jambo zuri na tuendelee nalo, maana saratani ya titi ikigundulika mapema inatibika. Lakini nimekaa wodini muda wa kutosha kuona jambo moja linalonikera. Mwanamke akishagundulika, akashawishiwa, akachangiwa pesa, akaingia chumba cha upasuaji, akatoka salama, watu wote tunashusha pumzi na kurudi kwenye shughuli zetu. Yeye ndiyo kwanza anaanza.

Anarudi nyumbani na upande wa kifua uliokufa ganzi. Kwapa halihisi kitu. Wakati huohuo palepale penye ganzi panawaka moto, panapiga shoti, panavuta. Akisema anaumwa, anajibiwa: "Si wamekutoa ugonjwa? Shukuru Mungu uko hai."

Anashukuru, tena sana. Ila bado anaumwa.

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea mpaka mwisho wa posti: maumivu na ganzi baada ya upasuaji wa titi ni sehemu ya ugonjwa na matibabu yake. Yana sababu zinazojulikana, yana dawa, yana mazoezi. Mwanamke hatakiwi kuyameza ili watu wa nyumbani wajisikie vizuri. Na sisi tunaomnyamazisha, kwa nia nzuri kabisa, tunaweza kumharibia hata tiba iliyobaki. Sehemu ya 3 nitaeleza vipi.

SEHEMU YA 2: NDANI YA KIFUA KUMETOKEA NINI?

Ngozi yako inahisi kwa sababu ya mishipa ya fahamu. Ni kama nyaya nyembamba sana zinazopeleka taarifa kwenye ubongo: hapa pamoto, hapa pabaridi, hapa pameguswa. Nyaya za kifuani zinatokea katikati ya mbavu na kuja kwenye ngozi ya titi.

Titi linapotolewa, nyingi kati ya hizo zinakatwa. Haziwezi kuepukwa zote, zimepita ndani ya kile kinachoondolewa. Ndiyo maana eneo la mshono linakufa ganzi.

Sasa kuna mshipa mmoja nataka uujue, maana ndio unaosumbua wengi. Unatoka kwenye mbavu za juu, unakatiza kwapani, unakwenda kuhudumia ngozi ya kwapa na ya upande wa ndani wa mkono wa juu. Daktari akitoa tezi za kwapani, mshipa huu upo njiani. Anaweza kuuvuta, kuubana au kuukata. Kwa hiyo ukishangaa "mimi nimepasuliwa titi, mbona mkono ndio umekufa ganzi mpaka karibu na kiwiko?", jibu ni hilo. Hakuna aliyekuroga na wala hujapata kiharusi.

Mshipa ukijeruhiwa haunyamazi tu. Unaweza kuanza kutuma taarifa za uongo. Unahisi kuungua wakati hakuna moto. Unahisi sisimizi wanatembea. Unawashwa, unajikuna, na kucha hazihisiki. Kitambaa laini cha kanga kikigusa unaruka kama umechomwa sindano. Wengine wanahisi titi lililotolewa bado lipo, linawasha au linauma kwenye chuchu ambayo haipo tena. Dada yangu, kama ni wewe, akili yako iko sawasawa. Ubongo umezoea kupokea taarifa kutoka pale kwa miaka yote, haujakubali haraka kwamba pameondoka.

Na hali hii wala si ya nadra. Kule Denmark, watafiti waliwauliza wanawake zaidi ya 3,000 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi kati ya mwaka 1 na miaka 3 nyuma. Majibu yalichapishwa mwaka 2009. Asilimia 47 walisema bado wana maumivu, na asilimia 58 walisema wana hisia zisizo za kawaida kwenye eneo hilo. Karibu nusu ya wenye maumivu walisema ni madogo, lakini waliobaki yalikuwa ya kati au makali. Waliotolewa tezi za kwapani walisumbuka zaidi, na wanawake wenye umri chini ya miaka 40 walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi.

Rudia hapo: chini ya miaka 40. Huku kwetu wodini tunawapokea wengi wa umri huo, wenye watoto wadogo mgongoni. Kwa hiyo mtu akikwambia "wewe bado kijana, utapona haraka tu", mwambie mambo ya mishipa ya fahamu hayaendi hivyo.

Itaisha lini? Mishipa ya fahamu inakua taratibu mno, kama milimita 1 kwa siku. Hesabu mwenyewe. Ndiyo maana tunazungumzia miezi, na kwa wengine mwaka au miwili. Ganzi kwa wengi inapungua ukubwa, inaanzia pembeni kuja katikati, ingawa kipande cha karibu na mshono kinaweza kubaki na ganzi maisha yote. Nakuambia ukweli ili usikae unasubiri siku ambayo haitafika, ukadhani umeshindwa kupona.

SEHEMU YA 3: KUNYAMAZA KUNAVYOGHARIMU

Hapa ndipo wanaosema "vumilia tu" nataka wanisikilize.

Kwanza, mionzi. Wanawake wengi wakishapasuliwa wanahitaji mionzi, iwe Ocean Road, Bugando au kwingine. Kwenye mashine ya mionzi ya titi, kwa kawaida unalala chali na kuinua mkono juu ya kichwa, halafu unatulia hivyo hivyo. Mama ambaye kwa wiki 6 amebana mkono kifuani kwa sababu unauma, na hakuna aliyemwambia auchezeshe, bega linakuwa limekaza. Anafika kwa ajili ya mionzi, mkono haupandi. Anarudishwa kwanza kwenye mazoezi. Muda unakwenda, nauli inakwenda, na kitanda cha nyumba ya ndugu alikofikia kinaanza kuwa cha masimango. Yote hayo yameanzia kwenye maumivu ambayo hakuyasema.

Pili, kuungua. Huku kwetu mtu akitoka hospitali anakandwa. Mzazi anakandwa, aliyeteguka anakandwa, na aliyetolewa titi naye shangazi anachemsha maji. Jamani, naomba hili mlisambaze hata kama mengine mtayaacha: MSIMKANDE NA MAJI YA MOTO PALIPO NA GANZI. Ngozi ile haiwezi kusema "inatosha". Mgonjwa atakaa ametulia kabisa huku anaungua, mtakuja kuona malengelenge baadaye. Na mkono uliotolewa tezi za kwapani haupambani na vijidudu vizuri kama mwanzo. Kidonda kidogo kinaweza kuleta maambukizi na kuuvimbisha mkono mzima, na uvimbe wa aina hiyo unaweza kukaa naye miaka. Dawa za kuchua zinazowasha nazo ziacheni.

Tatu, hofu. Mwanamke ambaye hakuelezwa kuhusu shoti na kuungua, kila zikija usiku anajua jambo moja tu: saratani imerudi. Hasemi, maana akisema nyumba nzima itatetemeka. Anakaa na hofu hiyo peke yake gizani, mume analala pembeni. Wapo wanaokata tamaa na kuacha kuja kliniki, kwa sababu wanaona matibabu hayakusaidia kitu. Neno moja kutoka kwa nesi au daktari siku ya kuruhusiwa lingemwokoa na usiku wote huo.

SEHEMU YA 4: UFANYE NINI, MAMA?

Nikuandikie kama ningekueleza kitandani kwako siku ya kutoka. Kama ulitengenezewa titi jingine au uliwekewa ngozi ya sehemu nyingine, fuata ratiba uliyopewa na daktari wako, yako inaweza kuwa tofauti.

1. Chezesha mkono mapema. Siku inayofuata upasuaji unaweza kuanza kufumba na kufumbua kiganja, kukunja na kukunjua kiwiko, kupandisha na kushusha mabega taratibu. Wakati mpira wa kutoa maji bado upo, usiinue mkono kupita usawa wa bega. Mpira ukitoka na ukaruhusiwa, mara nyingi ni baada ya siku 7 hadi 10, anza kupanda juu. Simama mbele ya ukuta, vidole vitembee ukutani kama buibui mpaka unahisi kuvuta. Weka alama ya chaki ulipofika. Kesho tafuta kuipita kidogo. Fanya mara 5 hadi 10, mara 3 kwa siku. Nyingine: lala chali, shika mti wa ufagio kwa mikono yote miwili, mkono mzima uupeleke mgonjwa juu ya kichwa.

Kuvuta ni sawa. Maumivu ya kukata hapana, simama hapo. Kumeza dawa yako ya maumivu kama nusu saa kabla ya mazoezi ni akili, tena unafanya vizuri zaidi.

2. Ukiona kamba chini ya ngozi. Wiki chache baada ya upasuaji wengine wanaona au kupapasa kitu kama waya wa gitaa kutoka kwapani kwenda kwenye kiwiko, na mkono ukiunyoosha unagoma. Inatisha, lakini inajulikana na kwa kawaida inaisha kwa mazoezi ya kunyoosha. Muone mtaalamu wa fiziotherapia. Usimruhusu mtu aikate kwa kuichua kwa nguvu.

3. Dawa. Maumivu ya kidonda wiki za mwanzo, parasetamo inasaidia. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24, na wenye shida ya ini au mwili mdogo sana waulize kwanza. Diklofenaki na ndugu zake msizinunue tu dukani mkameza mwezi mzima, zinaumiza tumbo na figo, hasa ukiwa kwenye kemo.

Ila yale maumivu ya kuungua na ya shoti, parasetamo mara nyingi haiyafikii. Unameza, unameza, hakuna kitu, mwisho unaambiwa unajifanya. Hayo ni maumivu ya mishipa ya fahamu na yana dawa zake, kwa mfano amitriptilini na gabapentini. Anaandika daktari. Amitriptilini ni ya zamani na bei yake si kubwa. Kwenye kikaratasi utasoma kwamba ni ya sonona, usishtuke ukaitupa. Kwa dozi ndogo ya usiku inatuliza mishipa ya fahamu. Inaleta usingizi na mdomo kukauka, na inahitaji wiki kadhaa kuonyesha kazi, kwa hiyo usiiache siku ya tatu. Gabapentini nayo usiikatishe ghafla. Mtajie daktari dawa zako zote, pamoja na tamoksifeni kama unaitumia, na kama una shida ya moyo mwambie.

4. Ifundishe ngozi upya. Kidonda kikishafunga kabisa, chukua kitambaa laini kama hariri au pamba, pitisha taratibu juu ya eneo linaloruka likiguswa, dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Likizoea, nenda kwenye kanga, halafu taulo. Mwanzoni utaona kama naleta mzaha, ila wengi wanasaidika. Ubongo unajifunza kwamba kitambaa si moto.

5. Linda sehemu yenye ganzi. Maji ya kuoga pima kwa mkono mwingine, kama unavyopima ya mtoto. Usibane chupa ya chai ya moto kwapani wala kuegemeza sufuria kwenye mkono huo. Kwapa lenye ganzi usilinyoe kwa wembe, maana ukijikata hutajua. Ukijikwaruza, osha kwa maji na sabuni, funika, angalia kila siku. Kila asubuhi jitazame kwenye kioo pale ambapo huwezi kuhisi. Najua kujitazama ni kazi nyingine yenyewe. Anza na sekunde chache.

6. Mavazi na usingizi. Fundo la kanga ya kifuani linakaa palepale kwenye mshono. Funga begani upande mzima, au vaa dera pana. Sidiria yenye waya weka kabatini kwanza. Ukilala, weka mto chini ya mkono uinuke kidogo, na mwingine mdogo kati ya mkono na mbavu. Kwenye daladala shika bomba kwa mkono mzima, au kaa upande ambao watu hawatakugonga.

7. Jifunze kuyasema. Ukiulizwa "unaendeleaje?" usijibu "naumwa kidogo tu daktari" wakati usiku hujalala. Sema kwa namba, 0 hakuna maumivu, 10 ni makali kuliko yote. Sema kwa jina: panachoma, panapiga shoti, panavuta, panafukuta. Halafu sema yanakuzuia nini: siwezi kulala, siwezi kuvaa sidiria, siwezi kumnyanyua mtoto. Andika kwenye daftari siku chache kabla ya kliniki, uende nalo. Foleni ni ndefu na daktari ana dakika zake. Mgonjwa mwenye daftari ni vigumu kumjibu kwa "utazoea".

SEHEMU YA 5: NYUMBANI KWAKE

Sasa naongea na wengine wote wa nyumba hiyo.

Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20. Mtoto wa miaka 2 ana kama kilo 12. Ugali wa watu 8 unasongwa kwa nguvu za bega na kifua, muulize yeyote anayesonga. Kufua na kukamua shuka, vilevile. Wiki 4 hadi 6 za mwanzo mama huyu hatakiwi kunyanyua vitu vizito, na baada ya hapo anarudi kidogo kidogo kwa jinsi mkono unavyoruhusu. Mkono wa kunyoosha ukutani na mkono wa kubeba ndoo ni habari mbili tofauti. Asije mtu akasema "si nesi amesema achezeshe mkono?" halafu akamkabidhi jembe.

Wanaosema "mbona mama fulani alipasuliwa na mwezi uliofuata alikuwa shamba?" Mama fulani huenda alitolewa uvimbe tu. Huyu ametolewa titi zima na tezi za kwapani. Hata wawili waliofanyiwa upasuaji unaofanana hawaumwi sawasawa, kama vile mlivyojifungua kila mtu kwa uchungu wake.

Mama mkwe, shikamoo. Najua nyie mlilelewa kuvumilia, na mmevumilia makubwa. Lakini neno "anajidekeza" likitoka kwako linafunga mdomo wake kabisa. Ukimuuliza tu asubuhi "jana usiku ulilala?", umemsaidia kuliko supu.

Shemeji, wewe hapa. Ukimgusa usiku akashtuka au akasogea, usihesabu kwamba amekukataa. Ngozi yake imegeuka jina, mguso wa upendo unaweza kufika kwenye ubongo kama kiberiti. Muulize: wapi panauma, wapi hapahisi, wapi pazuri. Hama ulale upande wake mzima. Asipotaka uone kovu leo, subiri. Na siku akikuonyesha, usikimbilie kusema "haina shida kabisa". Tazama, mshike mkono, kaa hapo. Kisha amka kabla yake ukajaze maji. Mapenzi ya mwezi huo yako kwenye ndoo.

Watoto. Mtoto mdogo anarukia kifua cha mama yake, ndiyo maisha yake. Mama akimsukuma kwa maumivu, wote wawili wanalia. Mfundisheni mapema: "Mama ana kidonda hapa, tunakuja upande huu." Mama akae kwanza, aweke mto kifuani, mtoto apande mwenyewe mapajani. Mgongoni kwa mbeleko asubiri, maana kitambaa kinakatiza juu ya bega na kifua. Na kama alikuwa ananyonyesha, asiendelee upande uliobaki bila kuuliza, kwani kemo na tamoksifeni haviendi na kunyonyesha.

SEHEMU YA 6: "NESI, UNATUTISHIA WATU"

Nimeshaambiwa hivyo, tena na wahudumu wenzangu. Hoja yao ni kwamba wanawake wetu tayari wanaogopa kisu, wengine wanakimbilia kwa waganga wakisikia tu neno upasuaji. Ukianza kuwatajia ganzi na shoti za mwaka mzima, si watakataa kabisa?

Ni hoja ya maana na siipuuzi. Nimewaona waliokimbia, na wakarudi titi limeshakuwa kidonda. Saratani isiyotolewa inaleta maumivu mabaya kuliko haya yote niliyoyaandika, na inaua. Kwa hiyo kama uko njia panda unasoma hii, nakusihi: kubali upasuaji.

Ila sikubaliani kwamba siri ndiyo inayomfanya mtu akubali. Mwanamke anayeogopa haulizi daktari, anamuuliza jirani aliyepasuliwa mwaka jana. Kama jirani huyo alishtukizwa na maumivu, akapuuzwa, akaungua kwa maji ya moto, unadhani atamshauri nini? Habari za uchungu wa kujifungua tunazijua tangu tukiwa wasichana, na bado tunakwenda leba. Tunakwenda kwa sababu tumeelezwa, na kuna mtu wa kutushika mkono. Ninachoomba ni hichohicho kwa anayetolewa titi: aelezwe kabla, na ashikwe mkono baada.

Wahudumu wenzangu, najua wodi zetu. Najua wagonjwa 40 na nesi 2. Lakini dakika 5 za kumwonyesha mgonjwa mazoezi ya ukutani na kumwambia "utahisi ganzi hapa, utahisi kuungua hapa, usiogope, ukizidiwa njoo" hazihitaji bajeti. Kumwambia "utazoea" nako kunachukua sekunde 2, na gharama yake analipa yeye.

Kabla sijafunga, haya USIYAVUMILIE hata siku moja, nenda hospitali:
- Homa, kidonda kutoa usaha, au ngozi ya mkono kuwa nyekundu na ya moto.
- Mkono au kifua kuvimba ghafla.
- Kubanwa pumzi, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.
- Uvimbe mpya kwenye mshono, kwapani au kwenye titi la pili.
- Maumivu ya mgongo au mifupa yasiyoisha, hasa yanayozidi usiku.
- Huzuni inayokufanya usitake kuamka, kula, au kuishi.

Na kama maumivu yamepita miezi 3 na bado yapo, rudi useme hivyo hivyo: "Yamepita miezi mitatu." Hapo yanahitaji mpango wake maalumu.

Nina ombi moja tu leo. Kila mmoja wetu anamjua mwanamke mmoja aliyefanyiwa upasuaji huu. Mpigie kabla ya Jumapili. Usianze na "shukuru Mungu". Muulize "siku hizi panauma wapi?" halafu nyamaza umsikilize. Kama mko mtaa mmoja, nenda kamjazie maji.

Mliopitia hili, niandikieni hapo chini kilichowasaidia kulala. Kuna mtu atakisoma saa nane za usiku.

Elimu hii haichukui nafasi ya daktari anayekuona. Wiki ijayo tutaongelea mkono kuvimba na jinsi ya kuufunga bandeji, wengi mmeuliza.

Ni mimi nesi wenu.